Programu ya Utafiti Isizikwe na Tasnifu: Jinsi ya Kujenga Jumuiya ya Chanzo Huria Ukiwa Uganda

Kila mwaka wanafunzi wa uzamili na uzamivu pale Makerere, Mbarara, Gulu na Kyambogo huandika programu ndogondogo za kuwasaidia katika utafiti wao. Moja inasafisha takwimu za mvua, nyingine inahesabu mbu kwenye picha, nyingine inatambua ugonjwa wa muhogo kwa kuangalia majani. Tasnifu inatetewa, joho linavaliwa, laptopu inauzwa au inakufa, na programu inapotea nayo. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanza kazi ileile kuanzia mstari wa kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye programu ya namna hiyo na anayetaka iendelee kutumika baada ya yeye kuhitimu, au baada ya fedha za mfadhili kukauka. Kuweka msimbo hadharani ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe ni kumpata mtu wa pili: anayeweza kuitumia programu, kuirekebisha na kutoa toleo jipya bila kukupigia simu. Hatua zote zinazofuata zinamlenga mtu huyo.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: programu inayosoma vipimo vya mvua vya kila siku na kutaja tarehe ambayo msimu ulianza. Nimeuchagua kwa sababu unaonekana rahisi, na kwa sababu Uganda yenyewe itaivunja programu hiyo mapema sana.

Hatua ya 1: Uliza kama mradi mpya unahitajika kweli

Tafuta kwanza kama kuna jumuiya inayofanya kazi hiyo tayari. UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika vituo vya afya nchini, haukuanza na ukurasa mtupu. Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004 na ambayo sehemu ya mizizi yake iko hapo jirani, Eldoret. Waliojenga UgandaEMR hawakulazimika kubuni upya namna ya kuhifadhi taarifa za mgonjwa na mahudhurio yake. Nguvu zao zilienda kwenye fomu na ripoti zinazotakiwa hapa kwetu. Vivyo hivyo DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, ulisambazwa wilayani Uganda mwaka 2012, na watu wa hapa wakawa watumiaji na wachangiaji wa kitu ambacho tayari kilikuwa na wenyewe duniani kote.

Kwa mfano wetu wa mvua, kuna R-Instat. Ni programu huria ya takwimu iliyojengwa juu ya lugha ya R, ina menyu ya hali ya hewa yenye hesabu za mwanzo wa msimu, na baadhi ya walioijenga wako Kenya. Kama inakutosha, nenda huko, jifunze, peleka marekebisho yako, na mwongozo huu uufunge hapa. Hiyo si aibu. Mchango mmoja kwenye mradi ulio hai una faida kuliko mradi wako mwenyewe wenye mchangiaji mmoja.

Tuseme umeangalia na bado pengo lipo: unataka kitu kidogo kinachofanya kazi chenyewe kwenye seva kila asubuhi, bila mtu kubofya menyu. Basi tuendelee.

Hatua ya 2: Malizana na suala la umiliki

Msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni si chanzo huria. Watu wanaweza kuusoma, lakini hawana ruhusa ya kuutumia wala kuubadilisha. Na kabla ya kuweka leseni, jiulize kama msimbo ni wako. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta, na kazi iliyofanywa ndani ya ajira kwa kawaida huwa ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Kama wewe ni mhadhiri au mtafiti msaidizi anayelipwa na mradi, nenda kwa mkuu wa idara na kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia miliki ubunifu, ukatoke na barua. Nasema barua, si maneno ya kwenye korido. Mkuu wa idara atabadilishwa, barua itabaki kwenye faili. Soma pia mkataba wa mfadhili. Siku hizi baadhi yao wanadai msimbo uwe huria, na hapo mazungumzo na chuo yanakuwa mafupi.

Leseni yenyewe usiitunge. Chagua mojawapo ya zile zinazojulikana: MIT, BSD, Apache 2.0 au GPL. Tatu za kwanza zinamruhusu yeyote kuuingiza msimbo wako hata kwenye bidhaa iliyofungwa, mradi akutaje; GPL inamtaka anayesambaza programu iliyotokana na yako aiache huria pia. NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, iko chini ya BSD, R iko chini ya GPL, na zote mbili zina afya njema, kwa hiyo usipoteze miezi ukibishana. Ninachokusihi ni kutoongeza sharti la "si kwa biashara". Linasikika kama ulinzi, lakini linaiondoa programu yako kwenye familia ya chanzo huria na linamfukuza mtu wa kampuni ya kilimo ambaye angeweza kumlipa mwanafunzi wako kuiboresha.

Data ni jambo jingine kabisa, tutalifikia.

Hatua ya 3: Ifanye iende kwenye kompyuta isiyo yako

Hapa ndipo miradi mingi inapokwama, na hapa ndipo utakapotumia muda mrefu zaidi.

Fanya jaribio hili. Mtafute mtu wa idara nyingine mwenye laptopu ya kawaida ya Windows, yenye RAM ya gigabaiti 4. Mpe anwani ya repo yako (ghala la mtandaoni lenye msimbo na historia yake), keti pembeni yake, nyamaza. Usimwelekeze. Andika kila mahali anaposita, anapouliza, anapokunja uso. Orodha hiyo ndiyo mpango wako wa kazi wa wiki zinazofuata. Kama programu inahitaji njia ya faili inayoanza na jina lako la kompyuta, utaliona dakika ya tatu.

Kisha hesabu megabaiti. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, na mwanafunzi wa Arua au Soroti ananunua bando kwa fedha yake. Mwongozo unaomwambia aanze kwa kupakua Anaconda nzima, yaani Python pamoja na mamia ya vifurushi vyake, umemla mamia ya megabaiti kabla hajaandika mstari mmoja. Tumia Python ya kawaida na vifurushi (msimbo wa ziada ulioandikwa na wengine) vichache unavyovihitaji kweli. Kila kifurushi unachokiongeza ni gharama ya mtu mwingine, na pia ni kitu kitakachovunjika siku ambayo waliokitengeneza watabadilisha mambo.

Usiweke data kubwa wala picha nzito ndani ya repo. Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, hutunza historia yote. Faili la megabaiti 300 ulilolifuta mwaka jana bado linapakuliwa na kila anayenakili mradi leo. Data kubwa iweke Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN tangu 2013, inayopokea data na programu bila malipo na kuzipa nambari ya kudumu ya DOI. Ndani ya repo acha sampuli ndogo tu. Na kwenye maelekezo mwonyeshe mtu namna ya kuchukua historia fupi: `git clone --depth 1` kisha anwani.

Kwa walio mbali na mtandao mzuri, andaa flashi. Kwenye kompyuta yenye intaneti (mtandao wa RENU wa vyuoni unafaa sana kwa hili) endesha `pip download -r requirements.txt -d vifurushi`. Kwenye kompyuta isiyo na mtandao, `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. Angalia tu kwamba toleo la Python na mfumo wa uendeshaji vinafanana pande zote mbili. Mradi wenyewe pamoja na historia yake unaweza kuufunga kwenye faili moja kwa `git bundle create mradi.bundle --all`, anayelipokea anaunakili kama vile ametoa mtandaoni, anafanya kazi yake, na kukurudishia mabadiliko kwa njia hiyohiyo. Hili si jambo la kinadharia. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Git ilibuniwa mwaka 2005 ili kila mchangiaji awe na nakala kamili, kwa hiyo kazi haina sababu ya kusimama mtandao ukisimama.

Faili la README, lile la maelezo ambalo mgeni hulisoma kwanza, lijibu maswali manne tu: programu inafanya nini, ni ya nani, inawekwaje, na mfano mmoja wa kuiendesha pamoja na jibu linalotakiwa kuonekana. Hilo la mwisho husahaulika. Mtu akiendesha mfano na kupata "Msimu ulianza 14 Machi", anahitaji kujua kama ndicho mlichokusudia. Mwenye simu tu bila laptopu mwekee daftari la Google Colab. Atajaribu ndani ya kivinjari.

Hatua ya 4: Sampuli za data na majaribio, kwa sababu nchi haifanani

Kigezo kimoja kinachotumika Afrika Mashariki kinasema msimu umeanza pale mvua inapofika milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3 mfululizo, bila kufuatiwa na kipindi cha ukame cha siku 7 katika wiki 3 zinazofuata. Kwenye msimbo hiyo ni mistari michache. Sasa mletee mtu wa Gulu.

Kusini mwa nchi, Mbarara, Masaka na Kampala, kuna misimu miwili: ya kwanza kati ya Machi na Mei, ya pili kuanzia Septemba hivi. Programu iliyoandikwa Mbarara itatafuta mwanzo wa kwanza, kisha ikifika Agosti itaanza kutafuta wa pili. Kaskazini msimu kwa kawaida ni mmoja mrefu, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, ukipungua kidogo katikati. Programu ileile itamtangazia mkulima wa Gulu "msimu wa pili" mwezi Agosti, wakati shamba lake liko katikati ya msimu uleule. Hakuna kosa la kompyuta hapo. Ni maarifa ya mahali ambayo mwandishi wa Mbarara hakuwa nayo. Ndiyo maana programu ya sayansi inahitaji watu wa sehemu mbalimbali kuliko inavyohitaji waandishi hodari wa msimbo.

Kila tofauti ya namna hiyo igeuze kuwa jaribio linaloendeshwa lenyewe. Kwa mvua, yafuatayo yangekuwa ya kwanza kwangu. Nafasi iliyo wazi si sifuri: karani aliyekuwa likizo wiki nzima atakuzalishia ukame wa uongo na programu itaukataa mwanzo halali wa msimu. Alama ya pengo si kipimo: data ya CHIRPS, inayokadiria mvua kwa setilaiti na vituo tangu 1981, hutumia -9999 mahali pasipo na thamani, na ukiijumlisha na mvua halisi utapata jumla iliyo chini ya sifuri. Tarehe 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi kutegemea nani aliandaa jedwali. Na kipimo kinachosomwa saa 3 asubuhi ni mvua ya saa 24 zilizotangulia, kwa hiyo kuna daftari zinazoiandika kwenye siku ya kusoma na nyingine kwenye siku ya jana. Ukichanganya vituo viwili utakuwa na tofauti ya siku moja ambayo hakuna grafu itakayokuonyesha.

Majaribio hayo yaunganishe na GitHub Actions, huduma ya tovuti ya GitHub inayoyaendesha yenyewe, ambayo ni bure kwa repo zilizo wazi. Mchangiaji akileta badiliko, seva za huko zinalijaribu. Bando lake halitumiki.

Kuhusu sampuli zenyewe: usiweke hadharani data usiyo na ruhusa nayo. Takwimu za vituo zina wenyewe, na ruhusa ya kuzitumia kwenye tasnifu si ruhusa ya kuzisambaza. Tumia CHIRPS, ambayo ni ya wazi, au tengeneza data ya kubuni yenye matatizo yale niliyoyataja. Programu yako ikigusa afya au kaya za wakulima, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Na viwianishi vya GPS vya nyumba ya mtu ni taarifa binafsi hata kama jina umelifuta.

Hatua ya 5: WhatsApp ni ya kuzungumza, repo ni ya kuamua

Hutaweza kuwaondoa watu WhatsApp, usijaribu. Bando zake ni nafuu, kila mtu yupo, na mtu atakayeona haya kuandika swali hadharani ataliuliza pale kwa sauti ya sekunde 40. Tatizo ni kwamba uamuzi uliofanywa pale Jumanne usiku, Ijumaa umeshafunikwa na salamu, rambirambi na picha za harusi. Anayejiunga mwezi ujao hataujua kamwe.

Kanuni iwe moja, na uirudie bila kuchoka: jambo lisilo kwenye repo halijaamuliwa. Mtu akiuliza swali zuri WhatsApp, mjibu, halafu wewe mwenyewe lipeleke kwenye orodha ya masuala ya mradi pamoja na jibu, umtaje aliyeuliza kama hana pingamizi, umrudishie kiungo. Mwanzoni utafanya kazi hiyo peke yako. Baadaye wengine wataiga, hasa wakiona kwamba swali lililoandikwa vizuri hujibiwa mapema kuliko sauti.

Hatua ya 6: Lugha

Uganda ina hali yake. Kampala wataanza kwa Kiluganda na Kiingereza. Lakini fundi wa kituo cha hali ya hewa Arua, mwenzake wa Bunia ng'ambo ya mpaka, mwanafunzi wa Busia na mtafiti wa Kigoma watakutana kwenye Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Katika mradi wa kisayansi wa kanda hii kilikuwa tayari kinafanya kazi bila kusubiri idhini.

Ushauri wangu: majina ya vitendaji na vigezo ndani ya msimbo yabaki Kiingereza, ili mchangiaji wa Brazil au India aweze kuingia. Maelekezo ya kuanza, mafunzo, na hasa ujumbe wa makosa viwe kwa Kiswahili pia. Afisa kilimo anayeona "Faili halina safu ya tarehe" atajirekebisha. Anayeona ukurasa mzima wa makosa ya Python atafunga kompyuta. Kutafsiri pia ni mchango mzuri wa kwanza kwa asiyeandika msimbo, nawe uuhesabu kama mchango kamili.

Hatua ya 7: Mpokee vizuri mchangiaji wa kwanza

Mtu wa kwanza asiyekufahamu akileta tatizo au badiliko, acha unachokifanya. Jibu ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni kwamba bado. Anachohitaji kujua ni kwamba kuna mtu. Jibu la namna hii linatosha:

"Asante sana ndugu kwa kutuletea hili. Nimeliona: tarehe kwenye faili lako zimeanza na mwezi. Wiki hii nina mitihani ya kusahihisha, nitalishika Jumatatu. Ukipenda kujaribu mwenyewe, sehemu inayohusika iko kwenye faili la soma.py, nami nitakuongoza."

Angalia kilichomo: shukrani, uthibitisho kwamba umelielewa tatizo, siku maalumu, na mlango wa yeye kuingia. Badiliko lake likija na kasoro ndogo za mtindo, likubali, kasoro hizo zisafishe mwenyewe baadaye. Ukali uuweke kwa hesabu za kisayansi. Kosa kwenye kigezo cha ukame lirudishe hata mara tano, ukieleza sababu kila mara.

Acha kazi ndogo makusudi. Ni kishawishi kikubwa kurekebisha kila kitu mwenyewe kwa sababu ungechukua dakika kumi na mgeni atachukua siku mbili. Zile siku mbili ndizo zinazomfanya awe wa nyumbani. Andika kazi hiyo vizuri: faili gani, nini kinatakiwa, utajuaje kuwa imekamilika.

Kuna ugumu mmoja wa kwetu ambao miongozo ya Ulaya na Marekani haiutaji. Mwanafunzi hamkosoi mwalimu wake hadharani. Profesa akiwa ndiye mwandishi wa msimbo, wanafunzi wataona kosa na kunyamaza, au watamnong'oneza mwenzao. Hili haliondolewi na tangazo la "kila mtu yuko huru". Linaondolewa na mwalimu mwenyewe kuomba kukosolewa mahali panapoonekana. Mwanafunzi anapoandika, "Daktari, samahani, naona Gulu programu inatoa misimu miwili," jibu liwe pale pale hadharani: "Umeona vizuri. Hesabu hiyo niliifanya kwa Mbarara tu. Irekebishe, nitaipitia, na jina lako litaingia kwenye orodha." Mara mbili tatu za namna hiyo na wengine watafunguka. Heshima haijapungua, Daktari amebaki Daktari.

Wekeni pia kanuni za mwenendo, fupi, na zitaje watu wawili wa kupelekewa malalamiko, mmoja wao mwanamke, wasiwe wote wa idara moja. Mwanafunzi wa kike anayesumbuliwa na mtu wa kundi hatalalamika kwa rafiki wa mtu huyo.

Hatua ya 8: Kuketi pamoja

Mara moja au mbili kwa mwaka kutaneni ana kwa ana. Siku moja inatosha, na iwe ya kufanya kazi, si ya hotuba za ufunguzi. Bajeti iwe na nauli na chakula. Watu wa hapa wanatarajia kurudishiwa nauli na wana haki, kwa sababu basi la kutoka Arua si bure. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na soda zinaweza kabisa kuchukua nafasi ya chakula cha hoteli. Siku ya kukutana ina mtego wake: Ijumaa mchana Waislamu wako swala, Jumamosi Waadventista hawapo, Jumapili ni ibada. Siku ya katikati ya wiki wakati wa likizo ya chuo ndiyo yenye watu wengi. Malizeni kabla ya giza. Mikesha ya kuandika msimbo inawaacha nje wengi wa wanawake na wote wenye watoto.

Vifurushi vyote viwe kwenye flashi kabla ya siku yenyewe, na jenereta uiulizie mapema.

Hatua ya 9: Gawa funguo

Swali la kuuliza ni hili: mwenye funguo zote akianguka na boda leo na kulazwa hospitali ya Mulago miezi miwili, nani anaweza kutoa toleo? Kama jibu ni hakuna, bado huna jumuiya.

Hamishia repo kutoka akaunti yako binafsi kwenda akaunti ya pamoja ya mradi. Wapewe uwezo wa kuunganisha mabadiliko watu watatu angalau, kutoka taasisi mbili au zaidi, na mmoja awe mtu ambaye hatahitimu mwaka huu. Nywila ya seva, jina la tovuti na anayelilipia, akaunti ya kutolea vifurushi: kila kimoja kiwe na watu wawili. Kisha andika hatua za kutoa toleo kwenye faili moja, na toleo linalofuata mwachie mwenzako alitoe kwa kulifuata faili hilo huku wewe ukitazama tu. Atakapokwama ndipo faili lilipo na pengo.

Kuamua kuwe rahisi: anayesimamia sehemu fulani anaamua juu ya sehemu hiyo, pingamizi lijadiliwe kwa wiki moja, likishindikana wasimamizi wapige kura. Katiba ya kurasa kumi na mbili hamtaisoma.

Hatua ya 10: Sifa na fedha

Chuo kinapandisha watu vyeo kwa machapisho, si kwa msimbo. Usipolishughulikia hilo, mtu wako bora atakuacha akaandike makala, na utamlaumu bure. Kuna jarida liitwalo Journal of Open Source Software, lilianza mwaka 2016, halitozi mwandishi chochote, na linachapisha makala fupi kuhusu programu za utafiti baada ya wapitiaji kuikagua programu yenyewe hadharani: leseni, nyaraka, majaribio, namna ya kuchangia. Ukiwa umefuata hatua zilizotangulia, sehemu kubwa ya matakwa yake umeshayatimiza. Wachangiaji wakubwa wote waingie kama waandishi, na hili mkubaliane mapema, kabla makala haijaandikwa. Unganisha pia repo na Zenodo ili kila toleo lipate DOI, na uweke faili la CITATION.cff; GitHub inalitambua na kumwonyesha msomaji namna ya kukunukuu.

Fedha ni ngumu kila mahali. NumPy inabeba hesabu za nusu ya sayansi duniani, lakini ilikwenda zaidi ya miaka kumi mikononi mwa watu wa kujitolea kabla ya kupata ufadhili wake mkubwa wa kwanza mwaka 2017. Usisubiri ufadhili wa "jumuiya". Kwenye kila andiko la mradi wa utafiti unaoitumia programu yako, weka mstari wa bajeti wa matengenezo: saa za mtu mmoja, seva, mkutano mmoja. Mfadhili wa utafiti wa mahindi atakubali kulipia matengenezo ya kifaa cha kupimia mahindi, na programu ni kifaa. Wanafunzi waelekeze pia kwenye Outreachy na Google Summer of Code, ambako wanalipwa kuchangia miradi huria ya nje. Watarudi wakijua namna jumuiya kubwa zinavyoendeshwa.

AirQo, iliyoanzia Makerere mwaka 2015 kwa kupima uchafuzi wa hewa kwa vifaa vya gharama nafuu, ina msimbo wake wazi na vifaa vyake vimeshavuka mpaka kwenda miji mingine ya Afrika. Ingia kwenye repo zake usome jinsi masuala yanavyoandikwa na mabadiliko yanavyopitiwa. Utajifunza mengi kwa jioni moja.

Hatua ya 11: Kabidhi, au funga

Ukijua unaondoka, sema miezi mitatu kabla. Taja kwa jina nani anachukua nini, muwe wasimamizi wawili kwa muda huo, kisha jiondolee uwezo wa kuunganisha. Ukibaki nao, watu wataendelea kukusubiri.

Inawezekana hakuna atakayejitokeza. Basi toa toleo la mwisho linalofanya kazi, lipeleke Zenodo, na juu kabisa ya README andika tarehe, kwamba mradi hautunzwi tena, ni toleo gani la Python mlilijaribu mara ya mwisho, na ni mikoa ipi ambayo hesabu zake zilithibitishwa na ipi bado. Halafu weka repo kwenye hali ya kumbukumbu, isomeke bila kubadilishwa. Mwanafunzi atakayeikuta miaka mitano baadaye ataanzia pale mlipoachia.